Koleo Alipoachia

Damu ilikuwa imeshaoshwa, lakini aliyeiosha hakuijua kazi. Alianza chini akapanda juu, maji machafu yakamfuata nyuma, na kila kipandio cha ngazi kikabaki na mstari wa rangi ya kutu pembeni mwa ukuta. Mpelelezi ambaye wenzake walimwita Kobe aliitazama mistari hiyo akiwa amechuchumaa, mkono mmoja kwenye goti lake bovu.

"Kioo kilikuwa kinapanda au kinashuka?" akauliza.

"Kinapanda, afande," alijibu msimamizi wa mafundi wa vioo. "Cha ghorofa ya tatu. Kwenye lifti hakiingii."

"Na walikuwa wawili tu."

"Kioo hubebwa na wawili. Wa tatu ni wa kuleta maneno."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana asubuhi mafundi wawili walikuwa wakipandisha kioo kizito cha dirisha kwenye ngazi za jengo hili la ofisi. Aliyekuwa juu aliitwa Koleo, kwa sababu alichokishika hakikuwahi kumponyoka. Aliyekuwa chini alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyebeba naye vioo tangu ujana. Wakiwa karibu na kona, Koleo aliachia. Kioo kikashuka na shemeji mtu, na hospitali hakufika akiwa hai.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshahukumu kabla chai yake haijapoa. "Mtu kaachia kioo juu ya mtu," alimwambia Kobe. "Unataka nini zaidi, barua ya posa? Kesho nataka ashitakiwe kwa kuua kwa kukusudia." Kwa kosa hilo Koleo angezeekea jela, kama hangefia humo.

Kobe akaketi kwenye kipandio. "Hebu nifundishe kazi yenu. Mtu akichoka anafanyaje?"

"Anasema 'tua.' Neno moja tu. Mwenzake anatua hapo hapo, hata kama wako mlangoni pa choo cha mkurugenzi. Haulizi, hacheki. Ukimcheka aliyesema tua, kwangu huna kazi."

"Koleo alisema tua?"

"Hakusema. Nilikuwa hapo chini nimeshikilia mlango, ningesikia."

"Huwa anasema?"

"Zamani hata siku moja. Halafu miezi ya karibuni kikaja kipindi akawa anasema tua kila kona, kama mtoto anayeomba kwenda kukojoa. Baadaye akaacha. Akatutangazia kwamba amepona."

"Na kwenye ngazi, nani anabeba zaidi?"

"Wa chini. Wa juu anaongoza tu. Na kikiteleza, kinakwenda kwa wa chini. Kwa hiyo chini tunamweka mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu si Koleo?"

"Ndiye. Miaka yote ni yeye chini." Msimamizi akapunguza sauti. "Wiki hizi za mwisho wakabadilishana. Nilimwuliza marehemu kulikoni. Akaniambia, 'Shemeji ndiye anayetaka juu, mwache mzee apumue.'"

"Koleo mwenyewe ulimwuliza?"

"Ya nini? Watu wa nyumba moja wale."

"Waligombana lini?"

Msimamizi akajikuna shingo. "Nani kakwambia waligombana?"

"Wewe. Sasa hivi, kwa kujikuna."

Msimamizi akapumua kwa nguvu. "Wiki iliyopita, ndani ya lori. Marehemu alimshauri Koleo ahamie mezani, kwenye kukata. Afande, kwetu sisi meza ni kaburi lenye kiti. Ukihamia huko wanaanza kukuita babu. Koleo akafoka. 'Unataka kunizika nikiwa natembea? Siku moja utakiona!'"

"Utakiona nini?"

"Si watu husema tu."

"Husema. Halafu mahakamani husomewa."

Kobe akaomba vifaa vya jana. Aliikagua mikanda inchi kwa inchi, hakuona palipokatika. Alizinusa glovu, hazikuwa na harufu ya mafuta wala sabuni. Mwisho akachukua mipira ya kushikia, ile inayonata kwenye kioo kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa, akaibandika kwenye mlango wa kioo wa jengo na kujining'iniza kwa uzito wake wote. Haikubanduka.

"Vifaa ni vizima," alisema akijifuta mikono. "Ulioachia ni mkono. Sasa nitafute ni nani aliyeutuma."

*

Kituoni, askari wa mahabusu alimpokea na malalamiko. "Afande, huyu mtu wako mwondoe humu. Kajaza ndoo mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, mimi nina watoto."

"Na mimi nina goti, lakini sijakuomba ruhusa," alisema Kobe. Hata hivyo alikwenda akaitazama ndoo, tena kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama ndoo ya namna hiyo.

Koleo alikuwa ameketi kwenye benchi, mabega mapana, ndevu zimeingia mvi, macho hayajalala. Kobe akampa kikombe cha chai. Koleo alikishika kwa mikono miwili. Badala ya kukipandisha kikombe, akakishusha kichwa.

"Simama kidogo," Kobe akamwambia.

Koleo akaweka viganja kwenye magoti, akasukuma, akavihamishia kwenye mapaja, akasukuma tena. Aliupanda mwili wake mwenyewe kama mtu anayepanda mnazi.

"Kaa. Ulimwua shemeji yako?"

"Niliachia."

"Sikuuliza hilo."

"Ndilo ninalolijua."

"Mikono imeanza lini kuuma?"

"Nani kasema inauma?"

"Koleo, mimi na goti hili tumezeeka pamoja. Anayeficha maumivu namjua kama mlevi anavyomjua mlevi mwenziwe."

Koleo akakitazama kikombe. Alipoanza kusema, alisema taratibu, bila kujitetea.

"Walinipima damu wakaniambia mafuta yamezidi. Kolesteroli. Nikapewa vidonge, kimoja kila jioni. Haukupita muda mapaja yakaanza kuwaka moto, mabega kama nimepigwa gongo. Viungo navyo vikakaza, asubuhi vidole havikunjiki. Nikawa nasema tua kila kona."

"Ukarudi kwa daktari?"

"Kurudi kufanya nini, niongezewe vingine? Nikaviacha. Nikawaambia watu wote, nyumbani na karakanani, mgonjwa hakuwa Koleo, mgonjwa ni kidonge. Na kweli nikapona. Nikabeba kioo cha duka la magari huku naimba."

"Halafu?"

"Halafu yakarudi, mabaya kuliko ya kwanza. Na vidonge sinywi. Sasa nimsingizie nani? Nikajua basi, mwili umefika mwisho. Meza inaniita."

"Na ndiyo sababu hukusema tua."

"Ningeanzaje, afande, na nilishajitapa? Nikasema nitafika tu hapo kwenye kona." Akaifungua mikono yake, akaitazama kama ya mtu mwingine. "Mkono haukuniaga."

"Nani alitaka ukae juu?"

"Yeye. Eti chini anaona vizuri. Nikamwambia huo uongo, akacheka. Nikamwachia."

"Msimamizi anasema ni wewe uliyetaka. Marehemu alimwambia hivyo."

Koleo akainua uso haraka. "Mimi? Alisema mimi?"

Kobe akayapima maneno hayo mawili. Kati ya watu wawili mmoja alisema uongo, na ubaya ulikuwa kwamba aliye hai ndiye angefaidika nao. Akageuka akamwambia askari wa zamu alete gari.

"Tunampeleka wapi?"

"Hospitali. Na hiyo ndoo usiimwage."

*

Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye kuongea haraka. Majibu yalipotoka alimvuta Kobe pembeni ya wodi.

"Misuli yake inavunjika. Mabaki yanaingia kwenye damu, figo zinahangaika kuyachuja, ndiyo rangi uliyoiona. Ungemwacha mahabusu, ungekuja kuchunguza kifo cha pili."

"Hali hii imeletwa na nini?"

"Kwa historia yake, naishuku hiyo dawa ya kolesteroli. Sikiliza, wengi wanainywa bila taabu na inawaokoa. Baadhi wanapata maumivu ya misuli, hao wakirudi tunawapunguzia au tunawabadilishia. Lakini kufika hapa ni nadra sana. Kwa kidonge kimoja cha jioni sitarajii haya. Kuna kitu kimeongezwa."

"Alishaacha. Kaniapia."

"Yeye kaapa, vipimo havijaapa. Angekuwa ameacha tangu wakati anaousema, misuli ingekuwa imetulia."

Kobe akaegemea ukuta, goti likipumzika. Mtu akamatwe kwa kuua, awe na dawa ya kuisingizia, dawa ambayo kweli iko mwilini mwake, halafu akane kwamba anaimeza? Mwongo hudanganya kujiokoa. Huyu alikuwa anaukataa mlango uliokuwa wazi. Kwa hiyo hakuwa anadanganya. Alikuwa hajui.

"Daktari, mtu anaweza kunyweshwa dawa hiyo bila kujua?"

Daktari akavua miwani. "Ikisagwa, ndiyo. Utaificha kwenye kitu chenye ladha kali. Kahawa, au juisi ya..." Akaivaa tena. "Mwulize kama anakunywa juisi ya balungi."

"Balungi lina nini?"

"Dawa ya aina aliyopewa yeye hutakiwa kuvunjwavunjwa na mwili ikatoka. Balungi linazuia. Dawa inabaki kwenye damu, inajazana juu ya nyingine. Tunawakataza wagonjwa wasilile."

Kobe hakwenda kumwuliza Koleo. Alikwenda kumwuliza mwenye jiko.

*

Nyumba ilijaa waombolezaji. Viti vilikuwa vimepangwa mpaka uani, na sauti zilikuwa za chini chini. Mke wa Koleo alikuwa jikoni peke yake, akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alikuwa amefiwa na mdogo wake, na mumewe alikuwa chini ya ulinzi. Hakukuwa na mgeni aliyejua ampe pole ya lipi kwanza.

"Pole, mama," alisema Kobe. "Zote mbili."

"Asante, afande. Mume wangu anaendeleaje?"

"Yuko hospitali. Mikono imemlegea."

Sahani ikagonga sinki. Haikuvunjika.

Kwenye beseni kando ya mlango kulikuwa na mabalungi. Kobe akaokota moja, akalinusa. "Haya nani anayala?"

"Ya mume wangu. Namkamulia kila asubuhi. Wanasema yanasafisha damu."

"Na wewe?"

"Mimi? Uchungu ule siuwezi."

"Nimetembea sana leo. Hebu nami nikamulie glasi."

Mama akakata balungi, akakamua, akachuja, mikono ikienda yenyewe kwa mazoea. Akaweka sukari, akakoroga, akampa. Kobe hakuipokea.

"Mimi niwekee kama unavyomwekea yeye."

"Ndiyo hivyo hivyo, afande."

"Hapana, mama. Kama yake."

Mkono ulibaki hewani na glasi yake. Nje mtu mmoja alikohoa, mwingine akamnyamazisha mtoto. Macho ya mama yalikwenda kwenye rafu ya juu, kwenye kinu kidogo cha kutwangia viungo, yakarudi upesi. Kobe akanyoosha mkono akakishusha. Kinu cha viungo hunuka viungo hata kikioshwa mara mia. Hiki hakikuwa na harufu yoyote, na kwenye nyufa zake kulikuwa na unga mweupe.

Mama akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Baba yetu alianguka mezani," alisema. "Mimi na mdogo wangu tumekaa naye, anakula, anatuchekesha. Kijiko kikabaki mkononi. Wakasema moyo, mishipa imeziba mafuta. Mume wangu alipokuja kuniambia kwa furaha kwamba kaacha vidonge, mimi nilikiona kile kijiko."

"Dawa nani alinunua?"

"Mdogo wangu. Alikwenda na cheti cha daktari, akasema anamchukulia shemeji yake."

"Kimoja kwa siku?"

Akainamisha kichwa. "Viwili. Alikuwa amekosa siku nyingi. Nilikuwa namfidia."

Kobe alikuwa amesikia watu wengi wakikiri katika maisha yake, lakini hakuna aliyewahi kukiri kufidia. "Na maumivu yaliporudi?"

"Nilitaka kuacha, naapa. Nikamwambia mdogo wangu, tunamwumiza. Akasema tuvumilie mpaka apimwe damu tena, ayaone mafuta yameshuka, hapo ndipo tumwambie, atacheka. Tukimwambia sasa hivi hatatusamehe. Nikamwuliza, na kazini je? Akaniambia, 'Usiogope, dada. Mimi nitashika chini.'"

Basi, uongo ukapata mwenyewe. Marehemu alimdanganya msimamizi kwamba Koleo ndiye anayetaka juu, akamdanganya Koleo kwamba chini anaona vizuri. Alijaribu hata kumsukumia mezani, akatukanwa ndani ya lori. Alijua mikono iliyo juu yake ni migonjwa, akasimama chini yake akitegemea kifua chake. Kila kitu alikifanya, isipokuwa kumwambia mwenye mikono.

"Mume wangu atafungwa?" mama aliuliza.

"Kwa kuua, hapana. Daktari ataandika, na mimi nitaandika."

"Na mimi?"

"Kumnywesha mtu dawa bila yeye kujua ni kosa. Litakwenda mbali kiasi gani, yeye ndiye wa kusema." Kobe akakifunga kinu kwenye mfuko. "Ni lazima aelezwe leo. Unaweza kumweleza wewe, au nitamweleza mimi."

Mama akajifuta uso kwa kanga. "Nitamweleza mwenyewe."

*

Wodini, mama alimweleza akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kiti. Alimweleza lote: kijiko cha baba, cheti, kinu, vidonge viwili, shemeji kushika chini. Kobe alisimama dirishani. Koleo alisikiliza akitazama dari, mirija ya maji mkononi, mikono miwili imelala juu ya shuka kama zana zilizowekwa na fundi aliyekwenda kula.



"Kila asubuhi," alisema Koleo, "ulikuwa unaniuliza nimelalaje."

"Ndiyo, mume wangu."

"Nakwambia mapaja yanawaka moto."

"Ndiyo."

"Halafu unanipa glasi."

Mama akalishika fundo la kanga yake.

"Na yule naye karakanani. 'Uzee huo, shemeji, uzee!' Namcheka na ananicheka. Kumbe mnajua. Mnajua wawili, mimi ndiye mgeni kwenye mwili wangu." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha. "Mngeniambia, ningesema tua. Kusema tua kwa sababu ya kidonge si aibu. Ningesema kila kipandio mpaka msimamizi anifukuze. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ni mimi."

"Tulikuwa tunakuokoa."

"Mmemwokoa nani?"

Mama akashika chuma cha kitanda. Kobe akageuka kutoka dirishani, kwa sababu kazi ina maneno yake na lazima yasemwe. "Mzee, kwa shemeji yako hushitakiwi, hilo nimelimaliza na mkuu wa kituo kwa simu. Kafoka, kakubali. Limebaki hili la dawa. Unataka kufungua mashitaka dhidi ya mkeo?"

"Umeandika kwamba niliachia?"

"Nimeandika. Na sababu nimeiandika."

"Basi inatosha." Koleo akafumba macho. "Nilikuwa na watu wawili, afande. Mmoja nimemwua. Sasa huyu nimshitaki, nibaki na nani?"

Mama akaanza kulia, taratibu, na ndani ya kilio kile mlikuwa na kitu kama tumaini. Nesi akapita na jagi la maji, akaliweka kwenye kabati la kitanda. "Baba, daktari kasema unywe sana. Maji ndiyo yataziosha hizo figo. Nikirudi nilikute tupu." Akaendelea na kitanda kinachofuata.

Midomo ya Koleo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Alijaribu kuliendea jagi. Mkono ukapanda kidogo juu ya shuka, ukatetemeka, ukarudi ulikotoka. Mama alishaliwahi. Akamimina glasi, akajipangusa machozi kwa bega, akapitisha mkono nyuma ya shingo ya mumewe na kumsogezea glasi mdomoni.

Koleo akaitazama glasi. Halafu akamtazama mkewe.

"Kunywa wewe kwanza."

Mama hakuelewa, halafu akaelewa. Akanywa. Akanywa mpaka nusu, bila kuondoa macho yake kwenye macho ya mumewe, akameza kwa sauti ili asikike. Akamrudishia glasi mdomoni, ukingo ukigonga meno.

Koleo akaugeuza uso upande wa dirisha, alikosimama Kobe.

"Afande," alisema. "Hebu niitie nesi aje aninyweshe maji."